Jiwe Jeupe

Mwaka mmoja baada ya kumzika binti yake Salha, Rukia alichukua mkasi akaenda kuvikata vichaka vya rasiberi nyeusi ambavyo mtoto huyo alivipanda. Hakutaka kuviona tena.

Chini ya dirisha la Salha alikuta tawi limeinamishwa, ncha yake imefukiwa na kukandamizwa kwa jiwe jeupe. Hivyo ndivyo Salha alivyokuwa akiotesha miche.

“Baba Salha, ni wewe uliyefukia hili?”

“Mimi? Hata kumwagilia si mpaka unifokee.”

Rukia aliligusa tawi. Lilikuwa laini bado, limechipua kwa mvua za mwaka huu, Salha akiwa tayari kaburini.

Aliinua jiwe. Mizizi myeupe ilikuwa imeshaushika udongo. Alilirudisha palepale, akauacha mkasi kwenye nyasi, akaingia ndani kulifungua dirisha lililofungwa tangu msiba.