Juu ya Sumaku

Bwana Nyange aliiweka saa yake ya fahari juu ya sumaku ya spika, inayozitia wazimu saa nyingine, nayo ikaendelea kutembea kwa utulivu.

"Hii haijui sumaku, mama. Nyinyi mafundi wa huku saa kama hizi mnaziona pichani tu."

Mwanakheri, fundi saa, alivua ya mkononi mwake, aliyoiunda kwa vipuri vya saa saba mbovu na kuikinga kwa kasha la chuma alilolifua mwenyewe. Akailaza kando ya ile, juu ya sumaku ileile.

Wakangoja. Kengele ya shule ya saa sita ilipolia, mishale ya saa zote mbili ilikuwa imekutana juu.

"Hiyo imetoka nchi gani?"

"Imetoka mezani hapa."

Bwana Nyange akainama, akatega sikio, si kwa yake.