Springi Hunenepa Ikibanwa

Jumanne, tarehe tatu Machi, wakubwa walitubadilishia springi za mioyo yetu ya chuma, makasha yakabaki yale yale. Jioni yake mke wangu Mashavu alipanda ngazi akicheka, moyo ukakwama.

Fundi wa hospitali aliniwekea springi ya marehemu kiganjani. "Ibane, mzee." Nikaibana. Subhanallah, kadiri ilivyofupika ndivyo ilivyonenepa, kama kitu kinachovuta pumzi. Ndani ya kasha haikuwa na pa kunenepea.

Binti yetu Ruzuna anayo ya aina hiyo hiyo kifuani. Siku hizi anapika ameketi. Jana mwanawe alimchekesha, akauma khanga asicheke.

"Makasha mapana yanakuja, baba," ananituliza.

Nimeuliza kila ofisi, na bado nauliza: yanakuja lini?