Mwanafunzi wa Mama Noémie

Simu ililia tena juu ya meza, na Philémon akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Mama Noémie, aliyekuwa akichunga unga wa bukari, ugali wa kwao, akauliza kama ni yule mama wa Bukama. Philémon akaitikia kwa kichwa. Kumwandikia aliweza, kusema naye kwa sauti bado, Kiswahili chake kingemuumbua. Mama Noémie akacheka. Alikuwa amefundisha shule ya Wametodisti miaka mingi, na mwanafunzi mwenye bidii namna hii hakuwahi kumpata.

Kijana huyu alikuwa mpangaji wake, mgeni kutoka mbali, kwao Kiswahili hakisemwi. Asubuhi alikwenda kuchimba shimo la choo katika kiwanja alichonunua pale Kamina, karibu na reli. Mchana alirudi na udongo kwenye viatu, akaketi na simu zake mbili: mpya ya kutafutia maneno katika kamusi na mashine ya kutafsiri, na nyingine yenye kioo kilichopasuka, ya kumwandikia yule mama.

Taabu ni kwamba mashine ilimpa Kiswahili cha vitabuni. Iliandika, "Sijambo, mama yangu mpendwa," na Mama Noémie akashika mbavu.

"Apa hakuna muntu anasemaka vile. Andika: mama, minyi niko muzima."

Philémon akafuta, akaandika upya. Yeye hakucheka. Alisema yule mama ameanza kumtilia shaka, na asipomwamini upesi atakwenda polisi.

"Ulimupa binti yake mimba?"

Philémon akainamisha macho, na Mama Noémie, mwenye huruma kupita kiasi, hakumchokonoa zaidi.

Lilibaki neno moja lililomnyima raha. Kila ujumbe wa yule mama ulianza na "tata." Kamusi ya Kiluba ilisema ni baba, basi. Philémon akauliza inakuwaje mama mtu mzima amwite kijana baba.

"Ile kamusi haiwezi kukuambia," Mama Noémie akasema. "Kama mutoto iko na jina ya baba ya mama yake, mama anamwitaka tata. Na ule mutoto hamwitake mama. Anamwitaka mutoto wangu."

Akaongeza kwamba Amédée, mwanawe wa kumzaa, humwita hivyo hata mbele ya pasta. Basi Philémon asiwe na hofu: mkwe aliyempa jina la babake mzazi amekwisha kumpenda.

Philémon akaifunga kamusi. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akikosea siku zote. Akachukua simu ya kioo kilichopasuka, akaandika polepole, bila kuiuliza mashine: "Mutoto wangu, minyi niko muzima. Usisumbuke. Kuya Kamina, tuonane."

Jibu lilifika kabla maji ya bukari hayajachemka.

"Mwanza, tata yangu, sasa njo najua ni weye kweli. Nilitaka kwenda ku polisi kusema mutoto yangu amepotea. Nakuya na treni ya kesho."

Philémon akaizima simu ya Mwanza, akachukua jembe, akaenda kulipanua shimo liwatoshe mama na mwana.