Magoti ya Kabula

Tangu Kabula afunge mabao manne akiwa na miaka kumi na mitano, magoti yake yalikuwa mali ya mashabiki. Nje ya uwanja vyuma vilivyopandikizwa humo havikukunjika mpaka wapige kura ya kuruhusu kwa simu.

Leo bibi yake alikuwa amefika kutoka Magu, amenyoosha mkono, akisubiri mjukuu apige goti amwamkie. Kabula alisimama wima, machozi yakimlengalenga.

“Wamekataa, mama.”

“Wamekataa kama nani?” mama yake, Minza, alifoka. “Magoti hayo nimeyazaa mimi! Mshenzi gani anamkataza mtoto kumwamkia bibi yake?”

Mumewe, aliyekuwa akibonyeza simu muda wote mbele ya mama yake mzazi, aliitumbukiza mfukoni.

“Fainali ni Jumamosi, mke wangu.”