Muhuri Chini ya Plastiki

Karani wa udahili alipapasa cheti kwa kidole gumba, akiutafuta mwinuko wa muhuri chini ya plastiki, asiupate.

"Binti, nani amekilaminisha?"

"Mama," alijibu Tumpe. "Aliogopa mvua."

"Mapenzi ya mama hayo. Lakini muhuri sharti niuguse wenyewe. Kibandue, ama urudi mwakani. Saa kumi nafunga."

Zilibaki dakika tano.

"Dada, chana au utupishe," alisema msichana aliyekuwa nyuma ya Tumpe kwenye foleni, akimpa wembe wa kuchongea penseli.

Tumpe aliuchomeka pembeni, akavuta. Plastiki ikanyanyuka, na herufi ya kwanza ya jina lake ikanyanyuka nayo. Akasita. Kisha akakigeuza cheti, akaanza upya upande wa muhuri.

Karani, mkono mmoja kwenye komeo la dirisha, alinyoosha kidole gumba, akangoja.