Muda Uliobaki

Simu ilitangulia kutupwa bwawani, ikafuata kompyuta, halafu bahasha tatu ambazo zilikataa kuzama.

Genivaldo Teixeira, makamu wa gavana, alisimama ukingoni na nguo za kulalia, akizididimiza kwa ufagio. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na magari manne ya polisi yalikuwa yamejipanga nje ya geti. Jimbo zima lilimwita Daktari, ingawa cheti pekee alichowahi kupata ni cha udereva.

"Gavana kanichongea," alimwambia mkewe. "Wiki nzima hapokei simu zangu."

"Si ulisema mnakula sahani moja?" Marlúcia alikuwa akimkunjia mashati kwenye begi. "Haya, nenda ukaoshe vyombo."

Kengele ililia. Aliyeingia alikuwa kapteni wa polisi, mwanamke mrefu aitwaye Jussara, kofia kwapani.

"Bom dia, Daktari. Samahani kwa kukuwahi. Vaa suti, tafadhali, na uchukue kitambulisho. Watu wa televisheni wanakusubiri."

"Televisheni wameshajua?"

"Tangu alfajiri."

Genivaldo alishika ukuta. "Ni muda gani?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

"Bila hata kunisikiliza?"

"Hakuna anayeulizwa, Daktari. Ndivyo katiba inavyosema."

Marlúcia aliuliza kama wake huruhusiwa kwenda huko.

"Unaweza hata kuhamia, Dona Marlúcia. Ulinzi upo usiku na mchana, na chakula ni juu ya serikali."

"Mimi? Nitabaki na mbwa wangu."

Genivaldo, suti tayari mwilini, aliketi kwenye ngazi, soksi mguu mmoja, akaangua kilio. Miaka ishirini ya siasa hakuwahi kulia bila kamera kuwapo, na sasa hakujua namna ya kunyamaza.

"Andika, kapteni. Andika yote! Hospitali ya Jaburu nimeizindua mara tatu na haina hata paa. Daraja lile, nilijua nguzo zake ni mchanga mtupu. Na nyama ya watoto wa shule..." Alifuta kamasi kwa tai. "Wale ng'ombe wako shambani kwangu. Wamenenepa, ukiwaona utawapenda."

Kapteni hakutoa kalamu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu anasoma shule ya serikali," alisema polepole. "Mchana wanapewa biskuti."

"Nisamehe, dada yangu."

"Vaa viatu, Daktari."

Alivaa. Marlúcia alimfunga tai nyingine, akaikaza kuliko ilivyohitajika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Genivaldo alijisikia mwepesi, karibu msafi. Alimsogelea kapteni, akafumba macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kwa pingu.

Pingu hazikuja. Alipofumbua macho, Kapteni Jussara alikuwa bado anaitazama ile mikono, kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa jalalani. Kisha akavaa kofia, akakakamaa, na kumpigia saluti.

"Gavana amekamatwa alfajiri," alisema. "Unaapishwa saa mbili, Mheshimiwa, na tunachelewa."