Risasi za Rangi

Verlin aliiweka risasi nyekundu juu ya fuawe, akainua nyundo, akaiponda hadi ikawa bapa kama kizibo cha bia. Akaiokota na kuigeuzageuza mbele ya dirisha la ghala. Rangi ilikuwa imetanuka pamoja na madini. Haikubanduka popote.

"Imeshika," alisema.

"Ilishika tangu ya kwanza," alijibu rafiki yake Emmett, aliyekalia ndoo akinywa kahawa. "Hiyo ni ya tisa. Ukiziponda zote tutapiga nini?"

Verlin akachukua ya kumi, ya bluu.

Emmett ndiye aliyemfundisha. Risasi za kumimina nyumbani, za madini laini yenye sumu inayodumaza akili, zilichafua mitutu na vidole vya watu wa Montana tangu enzi za babu zao. Siku hizi walizitikisa ndani ya kopo lenye rangi ya unga, wakazioka kwenye oveni ndogo, zikatoka na ngozi ngumu inayong'aa. Wengi walitaka mtutu ubaki safi. Verlin aliwaza vidole.

Mkewe, Ardith, alifariki mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani. Baada ya mazishi, binti yao Darla aliacha kula. Alikaa sakafuni karibu na mlango, amejifunika koti la mama yake, akiuliza mama atarudi saa ngapi. Verlin alimjibu kila alipouliza. Siku moja akamwingiza garini, akampeleka kwa Emmett, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda.

Kule Darla akaona trei iliyotoka kwenye oveni. Risasi nyekundu, njano, kijani. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Peremende," alisema.

"Si peremende." Verlin alimshika mkono kwa nguvu hata Emmett akashtuka. "Nisikilize, Darla. Hizi hazitiwi mdomoni. Hazitiwi mdomoni kabisa."

Kesho yake Darla aliulizia tena zile za rangi. Kesho kutwa vilevile, na safari hii aliuliza huku akimaliza kipande kizima cha mkate wa siagi ya karanga. Basi Verlin akanunua rangi.

Mwezi wa nne, barabara zilipokauka, walikwenda kupiga shabaha kwenye shimo la kokoto nje ya mji. Darla alibeba sanduku la risasi toka garini, asikubali kusaidiwa. Verlin alipiga magoti kwenye matope kumfunga kamba za viatu, akamvalisha vizuia kelele masikioni, akamkalisha nyuma kabisa, kando ya gari.

Baruti alikuwa ametia kidogo, bastola isimrushe mkono. Sita za kwanza zilitawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Akaongeza kidogo, kwa kufuata kitabu, na sita za pili zikakaa pamoja, sahani ya kikombe ingetosha kuzifunika. Darla alipiga makofi kila moshi ulipotoka. Verlin akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kilitoka na masizi ya baruti tu.

Akachukua kitambaa kingine, akamwendea binti yake. Akampangusa kidole kimoja kimoja, kisha akakiinua kitambaa juani.

"Utamchuna ngozi binti wa watu," alisema Emmett.

"Acha nimchune."

"Kama una hofu hivyo, uza bastola, mkavue samaki."

"Vizito vya kuzamishia ndoano navyo ni madini hayohayo." Verlin alikunja kitambaa, akakitia mfukoni. "Niliwahi kuacha, Emmett. Nilitoa kila kitu, nikabaki na bastola ya baba tu. Ardith hakutaka hata kuisikia. Sasa Darla anakula akiziona hizi. Nifanye nini?"

Emmett akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu humo. Hakutania tena siku hiyo.

Wiki chache baadaye Verlin alimpeleka Darla zahanati ya mjini, akatolewa damu kupimwa. Mpaka majibu yatoke, alizifungia risasi zote ghalani. Darla akarudi sakafuni karibu na mlango. Siku ya kwanza alikula nusu kiazi. Siku ya pili hakula. Verlin alikaa naye pale chini, mgongo ukimuuma, ufunguo wa ghala mkononi.

Simu ililia Alhamisi mchana.

"Mzee Haugen? Nina majibu ya Darla," alisema muuguzi. Sauti yake ilikuwa ya kijana, mgeni pale. "Damu yake haina shida. Madini hayajaonekana kabisa."

Verlin alijifunika macho kwa kiganja. Darla alikuwa ameichukua karatasi ya shabaha kutoka mezani, akitia kidole kwenye kila tundu na kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, sita, mbili.

Muuguzi alisikia, akacheka kwa upole. "Ndiye yeye huyo? Usimharakishe, mzee. Watoto wote huzishika tu namba wakikua. Naona faili lake ni jipya, halina umri. Niandike miaka mingapi?"

Verlin alimtazama binti yake.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Nilipokuwa nikiyeyushia risasi jikoni, alikuwa na mitatu."